Kuchora Bodi Bila Baba Kujua

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo inakuja, usinione sina adabu. Najijua. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, nitakunja karatasi na nitakuwa sijasema kitu. Kwa hiyo naanza na lenyewe.

Ninairekebisha kazi ya Baba bila yeye kujua. Akienda kula mchana, mimi nabaki dukani. Nachukua bodi ya saketi aliyoichora asubuhi, kile kibao chenye shaba, nakwangua kwa wembe mistari iliyopinda, kisha naipitisha upya kwa kalamu yake mwenyewe. Akirudi anaitumbukiza kwenye dawa. Shaba isiyo na wino inaliwa, njia zinabaki zimenyooka, naye anainyanyua mbele ya dirisha na kusema, "Umeuona mkono huu?" Nami nasema nimeuona. Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama.

Nauona kweli, Shangazi. Unatetemeka. Ulianza kabla sijamaliza shule, kidogo tu, nikadhani ni uchovu. Sasa hata kikombe anakishika kwa mikono miwili na kujifanya anasikia baridi.

Juzi juzi alimchorea Bibi Mayai bodi ya mashine ya kutotolea vifaranga. Unamkumbuka? Yule mwenye sauti ya kuita mtaa mzima. Bodi hiyo ndiyo inayowasha na kuzima joto. Mstari mmoja ulitikisika ukagusa jirani yake, mahali pembamba kama unywele. Kama nisingekwangua, joto lisingezimika na mayai yote yangechemka humo humo ndani. Nilipomaliza nilikaa sakafuni nikitetemeka kuliko yeye.

Sasa Bibi Mayai anataka bodi nyingine nyingi za namna hiyo, na Baba amekubali. Mimi sitaweza kuzikwangua zote. Nimesikia siku hizi watu wanachora bodi kwa kompyuta, na hiyo ndiyo kazi yako huko ng'ambo. Shule yetu ilikuwa inaondoa kompyuta zake za zamani, Mama akanipatia moja kama zawadi ya kumaliza. Inachelewa kuwaka lakini ikiwaka imewaka. Nilijaribu programu moja inayofanya kazi ndani ya mtandao, kwenye duka la intaneti. Mtandao ulipokatika, mchoro wangu ukabaki huko ulikobaki, nami nikabaki natazama duara linazunguka.

Nichague ipi? Nataka kumsaidia bila kumwambia kwamba mkono wake umekwisha. Sijui kama kuna programu ya hivyo.

Usinijibu kwa simu. Simu ya nyumbani ni moja na inakaa kaunta. Ujumbe ukiingia Baba anausoma kwa sauti hata kama wateja wamejaa.

Haya, sasa shikamoo. Sisi wote hatujambo. Mama anakusalimu, wamempa zamu ya alfajiri kule anakofua mashuka ya hospitali, kwa hiyo anatoka hatujaamka na tunamwona akirudi kama mgeni. Paka amezaa ndani ya kasha la redio ya mteja. Mteja amesema redio itengenezwe hivyo hivyo, paka wasisumbuliwe.

Mwanao,
Sisimizi


26 Februari

Sisimizi wangu,

Marahaba, hata kama umeiweka mkiani. Habari ya paka nimeicheka hadi jirani akagonga ukuta. Mimi mzima. Kikohozi kimehama, mwenye nyumba hajahama. Chumba changu kipya kina dirisha linalotazama ukuta wa jengo la pili, lakini ni ukuta mzuri, wamiliki wake wameupaka rangi ya maziwa. Mwambie Mama soksi zilizomo kwenye bahasha ni zake, avae akienda hiyo zamu yake ya alfajiri. Ndani ya soksi moja kuna flashi. Hiyo ni yako.

Sasa nisikilize kama unavyomsikiliza fundi, siyo shangazi.

Kazini kwetu tunatumia programu kubwa ya kulipia kila mwaka. Ni tamu kama gari jipya. Lakini leseni ikiisha, michoro yako mwenyewe inakununia: unaliona jina la faili, unaligonga, halifunguki. Nimeona ofisi ikifungwa na kazi ya watu ya miaka mingi ikafungwa nayo. Usiionje, maana ukiionja utaizoea. Ile ya mtandaoni umekwisha kuijua tabia yake. Ni nyepesi, inamfaa anayejifunza, lakini mchoro unalala nyumbani kwa watu.

Ipo ya tatu. Ni ya bure, na wanaoitengeneza ni watu waliotawanyika huku na huko ambao wao wenyewe wanaihitaji. Inakaa ndani ya kompyuta yako, mtandao uwepo usiwepo. Haikuwekei mpaka wa ukubwa wa bodi. Faili zake ni maandishi ya kawaida, hata ukizeeka utazifungua bila kumwomba mtu ruhusa. Ubaya wake ina milango mingi, na siku za mwanzo utaichukia. Mimi niliichukia hadi nikaisemesha. Usiitupe. Nimeiweka kwenye flashi, pamoja na maelezo niliyoyaandika mwenyewe ya milango ipi ufungue kwanza.

Ukitaka kuchagua programu, mwanangu, usiulize inaweza nini. Zote zinaweza. Uliza siku mkiachana utaondoka na nini.

Mchoro ukikamilika nitumie faili kwa posta kwenye flashi hiyo hiyo. Nitaupeleka kiwanda cha huku kinachotutengenezea bodi, wananifahamu. Anza na hiyo ya Bibi Mayai, ni ndogo na unaijua.

Nilitaka kukuandikia jambo jingine, ila nafasi imekwisha.

Shangazi yako


23 Machi

Shangazi,

Shikamoo, leo iko mahali pake. Hatujambo. Mama hazivui soksi, analala nazo. Vitoto vya paka sasa vinakimbizana dukani na mmoja anapenda kukaa juu ya kompyuta kwa sababu ina joto.

Ulisema nafasi imekwisha, na nusu ya ukurasa wako ilikuwa nyeupe. Sikusudii kukusuta. Ila nimeiona.

Programu nimeiweka. Umesema kweli kuhusu milango. Kwanza unachora saketi kama ramani, kila kipuri na alama yake, halafu unaipeleka upande wa pili na vipuri vyote vinaangukia pamoja kama nguo zilizomwagwa kutoka kapuni, na nyuzi nyembamba zinaonyesha nani anamtafuta nani. Hapo nilipenda. Nilihisi kama nimeingia kwenye chumba cha watu wasiojuana na kazi yangu ni kuwaketisha vizuri. Mimi ambaye mgeni akija najificha jikoni!

Nilipata shida moja lakini nimeitatua. Michoro ya miguu ya vipuri iliyomo ndani ya programu imekosewa. Chipu, kwa mfano, mguu wa kwanza wameuweka upande usio wake. Na transista hivyo hivyo. Nikajiambia labda waliotengeneza walikuwa na haraka. Nikaichora yote upya kwa mkono wangu, kama Baba alivyonifundisha. Kuna kitufe cha kukagua makosa; nilikibonyeza nimefumba jicho moja. Hakikukuta kosa hata moja.

Baba anadhani nacheza karata. Jana alipita nyuma yangu akasema, "Unashinda?" Nikasema bado. Akasema, "Usicheze na pesa." Nilitamani kumwambia palepale. Alikuwa ameweka mikono mfukoni. Sasa anatembea hivyo, hata ndani ya nyumba.

Shangazi, nimesoma barua yako mara nyingi. Umenieleza kila kitu kuhusu programu. Kuhusu mikono hukuuliza.

Flashi imo ndani, nimeifunga kwa kitambaa.

Sisimizi


12 Mei

Sisimizi,

Bodi ndizo hizi. Nimechelewa, na nakuomba usiniulize kwa nini, angalau kwa sasa.

Mchoro wako niliufungua nyumbani, siyo kazini. Nilikaa nao muda mrefu. Ni mzuri. Ulivyozipitisha njia, ulivyoacha nafasi pale penye joto, nilijiona nimeketi mezani kwenu. Sikugusa chochote. Nimeupeleka kama ulivyo.

Wasalimie wote. Na yeye pia.

Shangazi


3 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wote hatujambo kiafya. Vitoto vya paka vimegawiwa, amebaki yule wa kompyuta. Mama amekuombea kazini kwake kipande cha shuka jipya. Anasema dirisha linalotazama ukuta linahitaji pazia.

Bodi zilifika. Nilizifungulia chooni. Zilikuwa za kijani, laini, na herufi nyeupe nilizoziandika mimi! Nilizinusa. Halafu nikasubiri Baba aende kula, nikaichukua moja nikachomeka chipu, nikaanza kuifuata njia kwa kidole. Mguu wa kwanza ulikuwa umekaa kwenye njia ya mguu wa mwisho. Nikajaribu transista. Imegeuka. Kila kitu kimegeuka, Shangazi, kama uso kwenye kioo. Bodi zote.

Nikazificha kwenye kasha la paka, chini ya kitambaa. Unajua sina akili nikiogopa. Baba kila siku anakwenda kumwangalia yule mtoto wa paka. Akaja nazo mkononi, zina manyoya.

"Hizi zimezaliwa na paka?"

Akawasha taa ya mezani, akavaa miwani, akaiweka moja chini ya mwanga. Mkono ulitikisika ikagongagonga meza, akaikandamiza kwa kiganja.

"Kachora nani?"

"Mimi. Kwa kompyuta."

"Hilo najua. Kona zako unazikata mapema, kama mtu anayekimbia mvua. Tangu mwaka jana nakuona unavyozikata kwenye bodi zangu."

Shangazi, alikuwa anajua! Muda wote ule wa "umeuona mkono huu", alikuwa anajua. Nikaanza kulia. Na hapo hapo Bibi Mayai akaingia, na sauti yake ikatangulia.

"Fundi! Bodi zangu ziko wapi, au mayai niyaatamie mwenyewe?"

"Kaa, mama. Tuko kwenye kikao cha familia."

"Kikao gani mtu mmoja analia na mwingine ameshika manyoya?"

"Ndivyo vikao vyetu vilivyo," Baba akasema, kisha akanigeukia. "Umechora kutoka chini."

"Ndivyo ulivyonifundisha."

"Mimi nachora juu ya shaba, na shaba iko tumboni mwa bodi. Naiona kama aliyelala chini ya gari. Kompyuta inatazama kutoka juu, kama bodi ni kioo cha dirisha. Kwa hiyo kulia kwangu ni kushoto kwake. Hukuona vipuri vyake vimekaa kinyume?"

"Niliona. Nikavirekebisha."

"Ukavirekebisha." Alilitamka polepole. "Na huyo shangazi yako, mtaalamu wa ng'ambo, hakuviangalia?"

Sijui alijuaje kuwa ni wewe. Nikamwambia ulikaa nao muda mrefu na ukasema ni mzuri.

Alianza kucheka. Alicheka hadi miwani ikaanguka. "Huko kote alikokwenda," akasema, "huko kote, bado anatazama kutoka chini!" Bibi Mayai naye akacheka bila kujua anacheka nini. Kisha Baba akafuta macho, akaishika bodi na kuigeuza. "Vipandishe vipuri kutoka upande huu. Vyote vitakaa kwenye njia zake. Maandishi yatakuwa tumboni, lakini mayai hayajui kusoma."

Nikalehemu mimi. Tukawasha, joto likapanda, likazimika lenyewe, likawaka tena. Bibi Mayai alizichukua zote na kusema za mashine kubwa zichorwe hivyo hivyo kwa kompyuta.

Ungedhani ni mwisho mwema. Mimi nilidhani.

Kesho yake Baba aliisafisha kalamu yake, akaifunga kifuniko, akaiweka kwenye droo ya vitu vya wateja waliokufa. Akahamia kaunta. Anauza betri, anasalimia wapita njia. Nikimwuliza kitu cha bodi ananijibu vizuri kabisa halafu anasema, "Hizo sasa ni zako, mama." Analisema kwa upole. Hilo ndilo linaloniuma. Angenigombeza ningejua pa kusimama. Hashiki hata chuma cha kulehemu. Meza yake haina vumbi kwa sababu naifuta mimi.

Nilitaka kumsaidia, nikamstaafisha. Nimemwondoa kwenye meza yake mwenyewe. Niambie nifanye nini. Niifute programu? Nikiifuta atarudi?

Na safari hii, Shangazi, tafadhali niambie na hilo jambo jingine.

Sisimizi


21 Juni

Sisimizi wangu,

Marahaba, mwanangu. Pazia limefika na limetosha. Sasa kila asubuhi natazama shuka la hospitali, nalala vizuri.

Nianze na aibu. Bodi zilizogeuka ni zangu kama zilivyo zako. Kazini napitia michoro ya watu na kosa kama hilo nalinusa kutoka mlangoni. Na wewe ulikwisha niambia kwenye barua kwamba miguu umeigeuza! Lakini mchoro wako nilipoufungua, macho ya kazini yalilala yakaamka yale ya nyumbani. Niliona meza ya kaka. Nikaona sawa kabisa. Mwambie amecheka haki yake.

Sasa hilo jambo jingine.

Mikono ya babu yako ilianza hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa na meza hiyo kabla ya baba yako. Kaka alikuwa karibu kumaliza shule, mwenye akili kunishinda mbali. Mikono ya mzee ilipozidi, kaka aliacha shule akakaa mezani, mimi nikaendelea na masomo kwa kazi ya mkono wake. Hakunilalamikia hata kwa jicho. Ndiyo maana namwandikia kila mtu isipokuwa yeye. Nikishika kalamu nimwandikie, sioni pa kuanzia shukrani, naona bora ninunue soksi.

Na babu yako hakuna aliyempokonya kalamu. Tulimwonea huruma tu. Tukasema pumzika, mzee, umefanya kazi vya kutosha. Akahamia kiti cha mlangoni akawa anasalimia watu. Hakuwa mgonjwa. Alisalimia tu, hadi alipotutoka. Barua yako ya kwanza nilipoisoma, nilikiona kile kiti. Niliandika habari za programu kwa sababu hizo nazijua. Na ile ya pili, uliponiambia sikuuliza kuhusu mikono, niliikunja nikashindwa kuikunjua hadi Mei.

Kwa hiyo usifute kitu. Kaka asikae kaunta.

Sikiliza. Kwenye programu yako kuna vitone vilivyotandazwa nyuma ya mchoro, umeviona. Mstari hauendi popote mkono unapokwenda. Unaruka kutoka kitone hadi kitone. Umevifanya vidogo kwa sababu mkono wako umetulia. Vitanue. Ukivitanua, mkono unaweza kutikisika utakavyo kati ya kitone na kitone, mstari hautajua. Utatoka umenyooka kama uzi uliovutwa. Na ile mishale ya kwenye kibodi inasogeza alama hatua moja moja, bila kipanya kabisa. Mimi ningepaswa kukuambia haya Februari. Uliniuliza kama kuna programu ya hivyo. Ilikuwa tayari ndani ya soksi.

Lakini usimfundishe! Kaka hafundishwi, tangu utotoni. Ukimwekea kiti na kusema Baba njoo ujaribu, atakwambia hongera na kwenda kuuza betri. Tanua vitone, fungua bodi ambayo haijakamilika, iwe na kosa la wazi litakalomkera, halafu ukumbuke una jambo sokoni.

Nami namwandikia. Barua iko mezani, ina "Kaka mpenzi" na nukta. Nitaimaliza.

Shangazi


18 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo, amerudishwa zamu ya mchana na sasa tunakula pamoja. Mtoto wa paka amekuwa mkubwa na hataki tena kompyuta. Barua yako kwa Baba ilifika. Aliisoma akiwa amesimama, akaitia mfuko wa shati na hakutwambia imesema nini. Ila shati hilo amelivaa siku tatu na Mama ameshindwa kulifua.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilitanua vitone, nikafungua bodi ya mashine kubwa ya Bibi Mayai, nikaacha njia ya joto imepita karibu mno na ile ya kipimo, jambo ambalo Baba hawezi kulivumilia hata kwenye ndoto. Nikasema, "Baba, nakwenda sokoni." Akasema, "Nenda." Niliporudi yuko kaunta, anapanga betri zilizokwisha pangwa. Njia ilikuwa palepale. Nikajua mpango umeshindwa.

Siku iliyofuata nikaenda tena. Njia ilikuwa palepale, lakini kipanya nilikiacha kulia, nikakikuta kushoto. Mama anatumia kulia. Mimi natumia kulia. Nyumbani mwetu anayetumia kushoto ni mmoja. Nikakirudisha kulia, na kesho yake nikakikuta kushoto.

Tangu hapo naenda sokoni kila siku. Wauza mboga wanadhani nimeposwa na mmoja wao. Nikimkuta Baba kaunta namwuliza, "Kulikuwa na wateja?" naye ananijibu, "Wachache," na hatutazamani. Mchoro unabadilika kidogo kidogo. Kwanza njia ya joto ilisogea. Halafu kona zangu zikaanza kurefuka; mtu alikuwa anazikata pale zinapopaswa kukatwa. Jana asubuhi nikakuta bodi nyingine kabisa, siyo yangu, imeanzishwa upya kwenye faili lake, na vipuri vyote vimetumia ile michoro ya programu niliyoikataa.

Leo mvua ilianza nikarudi kabla ya wakati wangu. Nilipofika dirishani nilisikia anaongea. Nikadhani kuna mteja. Nikachungulia.

Hakuwa na mteja. Alikuwa anaisemesha. "Ngoja," alisema, "ngoja, usinikimbize. Hapo. Sasa njoo huku." Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya kipanya na unatetemeka, Shangazi, sana, kuliko nilivyowahi kuuona, kwa sababu alijua hakuna anayeuona. Na kwenye kioo cha kompyuta mstari ulikuwa unatembea umenyooka. Unafika kitone, unangoja, unakwenda kitone kingine. Mkono unatikisika, mstari umetulia. Aliupeleka hadi mwisho, akaukata kona, akaachia kipanya. Kisha akarudi nyuma kwenye kiti, akavua miwani, akautazama. Hakusema "umeuona mkono huu." Alitazama tu, na uso wake sikuwa nimeuona hivyo tangu nilipokuwa darasa la chini.

Nilitaka kuingia kwa kelele nimkumbatie. Nikakumbuka kile kiti cha mlangoni. Nikabaki pale nje na kapu langu, mvua inanilowesha, hadi nikaona ameanza mstari mwingine na ameumaliza. Ndipo nikarudi nyuma hadi kona ya duka la jirani, nikaanza kuja tena nikiburuta ndala na kuimba. Mimi, kuimba barabarani! Jirani alitoka kuangalia kuna nini. Nilipoingia Baba alikuwa kaunta.

"Umelowa," akasema.

"Mvua ilinikuta njiani."

"Ungengoja ikatike. Hakuna haraka." Akanipa taulo kwa mkono wake wa kushoto, na hakuuficha mfukoni.

Atatwambia mwenyewe siku akitaka. Huenda atasema amejifunza kwa siku moja, nasi tutasema ajabu. Hata Mama sijamwambia, maana Mama akifurahi hawezi kunyamaza. Nimekwambia wewe tu. Sasa kwa kuwa mmeanza kuandikiana, nakuomba sana, Shangazi: usimwambie kwamba nilikuwa dirishani. Usimwulize kuhusu kompyuta, usimpongeze, hata kwa utani. Kaa nalo kama nilivyokaa nalo mimi kwenye mvua.

Mwanao,
Sisimizi